Kwa Remmy: bendi iliyoupa mtaa wetu jina



Kama ilivyo desturi ya kijitabu chetu cha harambee, kabla ya kufikia hesabu na fomu za ahadi tunatanguliza historia kidogo ya kwetu. Harambee ya mwaka huu ni ya vyombo vya muziki kwa ajili ya vijana wa mtaa. Baadhi yenu mmeuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza: gitaa nalo ni maendeleo? Mitaro inaziba kila masika, na sisi tunataka kununua ngoma na spika? Swali ni zuri. Tumeona tulijibu kwa kumsimulia mtu mmoja ambaye jina lake mnalitaja kila mnapopanda daladala.

Konda akipaza sauti "Kwa Remmy!", abiria wa kushuka wanaanza kusogea mlangoni. Watoto wetu wengi wanajua hicho ni kituo, basi. Wengine wanadhani Remmy ni mwenye baa. Lakini neno lenyewe linajieleza: kwa Remmy, yaani nyumbani kwake. Dar es Salaam ina majina mengi ya namna hii. Tandale wana Kwa Mtogole, Manzese wana Kwa Mfuga Mbwa, Mwananyamala wana Kwa Kopa. Majina haya hayakupitishwa na kikao cha ofisi yoyote. Watu walikuwa wanaelekezana njia, wakataja nyumba ambayo kila mtu anaijua, na jina likabaki. Sisi nyumba tuliyoitaja ilikuwa ya kiongozi wa bendi.

Mtaa mpya usio na wazee

Tukumbushane kwanza Sinza ilivyoanza. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitekeleza awamu ya kwanza ya mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vipya, na Manzese, ambayo ilikuwa imekwisha kujengwa bila mpango, ikapelekewa barabara na maji. Awamu iliyofuata iliwafikia wenzetu wa upande wa Temeke, kule Tandika, Mtoni na Mbagala, pamoja na Tabata.

Mtu alipata kiwanja, akasimamisha chumba kimoja, akahamia na familia, akaendelea kujenga akiwa ndani. Huyu katoka Moshi, yule Bukoba, mwingine Mbeya, mwingine Tanga, mwingine Kigoma. Majirani walikutana kwenye bomba la maji kabla hawajajuana majina. Kijijini ukitaka kujua jambo unamwendea mzee. Mtaa mpya hauna mzee wa kumwendea. Kila mmoja ni mgeni wa mwenzake. Kilichotukutanisha kilikuwa foleni ya sukari, mpira wa Simba na Yanga, msiba, na muziki wa dansi.

Kutoka Kindu

Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye wote tulimwita Remmy, alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, wakati nchi ile ikitawaliwa na Wabelgiji. Kindu ni mji wa Waswahili wa Kongo, kwa hiyo alikuja kwetu akiwa na Kiswahili chake tayari, kile cha kwao, ambacho masikio ya Dar es Salaam yalikipenda na kukicheka kwa pamoja. Mpaka leo wimbo wake mmoja uliotoka kwenye santuri ya nje umeandikwa "Inchi Yetu", kwa sababu ndivyo wasemavyo kwao.

Kabla yake mama yake alikuwa amepoteza watoto. Mganga alimwagiza kwamba huyu atakayezaliwa asinyolewe nywele. Ndiyo asili ya ile misokoto ambayo watu wengi walidhani ameiga kutoka Jamaika, na ndiyo asili ya lile jina la Dokta, maana wapo walioamini kuwa mtu mwenye nywele zile hakosi uganga. Yeye mwenyewe alikuwa akijitania kwamba ana sura mbaya. Mtu anayejicheka mwenyewe mbele ya watu mia tano amekwisha kuwapata kabla gitaa halijalia.

Alipita bendi kadhaa za Kongo na Uganda, kisha mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Hakuwa wa kwanza. Maquis du Zaire walikuwa wamekwisha kutufunza kulitamka hilo neno "Orchestra" mbele ya jina la bendi. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy aliingia Orchestra Matimila, ambayo baadaye ikawa Super Matimila, na hiyo ndiyo aliyoiongoza hadi jina lake na la bendi yakawa kitu kimoja.

Vyombo vilikuwa vya nani

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu.

Wakati ule gitaa la umeme, amplifaya, saksafoni, spika na maikrofoni vyote vilitoka nje, na vilihitaji fedha za kigeni. Mwanamuziki wa kawaida hakuweza kununua hata kimoja. Kwa hiyo bendi nyingi zilikuwa za mashirika na vyombo vya dola. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, na chama kilipokuwa OTTU ikawa OTTU Jazz, mpaka wenyewe walipobaki na jina la Msondo Ngoma tunalolijua sasa. Mlimani Park, wale wa Sikinde, waliwekwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ya pale Kinondoni ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa CCM. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Polisi, Magereza na JKT nao walikuwa na bendi zao.

Mpango huo ulikuwa na faida yake, na hatuudharau. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na nchi ikapata muziki wake yenyewe. Lakini aliyegombana na mwajiri aliondoka mikono mitupu. Sauti ilikuwa yake, gitaa halikuwa lake. Mara nyingi tuliona bendi ikimeguka kwa sababu tajiri mwingine ameleta vyombo vipya, na wiki iliyofuata waimbaji tuliowazoea wapo kwenye ukumbi mwingine wakitumia jina lingine.

Matimila nayo haikuwa ya wanamuziki. Ilikuwa ya mfanyabiashara, na jina lenyewe ni la kijiji cha kusini alikotoka mwenye vyombo. Tofauti yake na zile za mashirika ni kwamba haikuwa na chama wala wizara nyuma yake. Haikulazimika kumsifu mkubwa yeyote, wala haikuwa na wa kuilipa mshahara watu wasipokuja. Iliishi kwa kiingilio. Kwa maoni yetu hilo linaeleza mengi kuhusu nyimbo za Remmy. Waliokuwa wakimlipa walikuwa makuli, mafundi, mama lishe, makarani wa chini na vijana wasio na kazi. Aliwaimbia wao kwa sababu alikuwa akila kwao na kuishi kati yao.

Kazi ya kiongozi

Vijana watatuuliza: kiongozi wa bendi hufanya nini hasa, zaidi ya kuimba?

Bendi ya dansi ni watu kumi na zaidi. Lipo gitaa la solo, la pili yake, la ridhimu na la besi. Ipo saksafoni, zipo drams na tumba, na waimbaji. Kila gitaa lina njia yake, na utamu hupatikana pale njia hizo zinapopishana bila kugongana. Wimbo huanza taratibu, maneno yakasikika, kisa kikaeleweka. Kisha huja chemko, magitaa yanapamba moto na watu wanaingia uwanjani. Ni kiongozi anayejua lini kisa kimetosha na lini watu wanataka kucheza. Ndiye pia anayejua nani kati ya wenzake ana mgonjwa nyumbani, nani amelewa, na nani anataka kuhama.

Ustadi wa Remmy ulikuwa kukirefusha kisa. Alisimama katikati ya wimbo akazungumza na watu, akatania, akauliza, akahubiri, magitaa yakimsubiri kwa sauti ya chini. Ilikuwa kama mazungumzo ya barazani, ila yana besi. Aliimba juu ya kifo, kwamba hakibagui. Aliimba juu ya aliyefiwa na mtoto, juu ya asiye na pesa, na wimbo wake mmoja aliuita "Sauti ya Mnyonge". Neno mnyonge tulikuwa tumelisikia sana tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maduka yakiwa matupu na shilingi ikishuka thamani kila kukicha, tulilisikia tena, safari hii likitoka kwa mtu anayepanga foleni kama sisi.

Muziki wake aliuita Bongo Beat, wa ubongo, yaani wa kufikiri. Hiyo ilikuwa kabla vijana hawajatupatia jina la Bongo Fleva. Aliuchanganya wa Kongo alikotoka na mapigo ya ngoma za hapa, na hakuogopa kuambiwa kwamba si wa Kikongo wala si wa Kizaramo.

Na bendi haikukaa ukumbi mmoja ikasubiri kufuatwa. Bendi za wakati ule zilipiga usiku nne au tano kwa wiki, kila siku kitongoji kingine. Wazee wenu watazikumbuka kumbi: Vijana na Lang'ata pale Kinondoni, DDC Magomeni Kondoa, DDC Keko, TTC Chang'ombe upande wa Temeke. Watu wa pembezoni hawakuhitaji kwenda mjini kutafuta burudani. Ilikuja kwao, kwa bei yao, na usafiri wa kurudia ulikuwa miguu, maana zile pikapu tulizoziita chai maharage hazikungoja mtu usiku.

Wimbo ambao redio haikuupiga

Sasa tufike kwenye jambo zito.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikiisha, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mitaani kwetu. Mnaokumbuka, mnakumbuka. Msiba uliufuata msiba. Kwenye matanga tulisema marehemu "ameugua muda mrefu", tukanyamaza. Wengine tulisema amerogwa. Mama akimzika binti hakuambiwa na mtu kilichomuua, na mdogo wa yule binti hakuambiwa namna ya kujikinga.

Hapo ndipo Remmy alipotoka na "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu, kila mtu alielewa. Katika wimbo ule alilitaja jambo waziwazi, kwa mzaha na kwa uchungu, mbele ya wanawake na wanaume, ukumbini.

Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania, na redio hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na studio ya kurekodia. Wimbo ukikataliwa pale, ulikuwa umefungiwa mlango. "Mambo kwa Soksi" haukupigwa. Ukatoka kwa kaseti. Vibanda vya kurekodi kaseti vilikuwepo kila kona, na ulikwenda na kaseti tupu ukarudi nayo imejaa. Uliingia kwenye pikapu, kwenye vinyozi, kwenye baa, kwenye vyumba vya kupanga. Wengi wetu tuliusikia kwa jirani kabla ya kuusikia kwa Remmy mwenyewe.

Tukiri na upande wetu. Siyo wote tuliompigia makofi. Wapo wazazi kati yetu waliozima kaseti watoto walipoingia. Wapo waliosema msikitini na kanisani kwamba mtu huyu anafundisha uhuni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na walitaka watoto wao wasilijue lile jambo kabla ya wakati. Lakini watoto wengine walilijua kwa kuugua. Wimbo hauwezi kumponya mtu. Wimbo ule ulitupa neno la kutamka, soksi, neno la kuchekesha, ambalo kijana aliweza kumwambia mwenzake bila kuona haya, na mke akamwambia mume. Kwenye ugonjwa uliokuwa ukilindwa na ukimya, hicho hakikuwa kitu kidogo.

Ulaya, na kurudi

Huko nje nako walikuwa wamemsikia. Kaseti ya Super Matimila iliwafikia watu wa tamasha la WOMAD la Uingereza, na mwaka 1988 bendi ikasafiri kwenda kupiga Ulaya. Mwaka 1989 ikatoka santuri ya "Songs for the Poor Man", nyimbo kwa ajili ya maskini, chini ya Real World, lebo iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 1992 ikafuata "Mambo". Wazungu walicheza nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya watu wa Kinondoni na Temeke, na ndani ya santuri ile ya pili upo wimbo unaoitwa "Mrema", jina la waziri aliyekuwa akitikisa nchi wakati ule.

Angeweza kubaki huko. Alirudi Sinza. Kwa sisi majirani hilo ndilo tulilolihesabu kuliko santuri zote. Jina la kituo halikutokana na Ulaya. Lilitokana na nyumba ambayo mwenyewe alikuwa akirudi kuishi ndani yake.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi kwa dansi. Mwaka 1994 redio na televisheni za binafsi zilianza, disko na video zikachukua kumbi, na vijana wakapata muziki usiohitaji watu kumi jukwaani. Hakimiliki ilipata sheria mpya mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi za dansi zilikuwa zimekwisha kunakiliwa vibandani kwa miaka mingi bila mtunzi kupata senti. Remmy mwenyewe alipata kiharusi. Baadaye aliacha dansi akaokoka, akaimba nyimbo za Injili. Wapo kati yetu walionung'unika kwamba ametuacha. Ukizisikiliza nyimbo zake za zamani juu ya kifo na juu ya maskini, utaona kwamba hakwenda mbali sana.

Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63. Baada ya hapo hata wilaya ilibadilika. Sinza iliyokuwa Kinondoni ikawekwa katika Wilaya mpya ya Ubungo. Barua zetu zimebadilika anwani. Konda hajabadilisha chochote.

Kwa nini vyombo

Sasa turudi kwenye swali lenu.

Mitaro ni muhimu, na ina ukurasa wake humu ndani. Lakini mtaa pia unahitaji mahali pa kuambiana yale ambayo hayasemwi redioni wala kwenye kikao cha serikali ya mtaa. Zamani mahali hapo palikuwa ukumbini, na mwenye kusema alikuwa mtu aliyesimama mbele ya bendi. Leo vijana wetu wana simu, na wana mengi ya kusema: kazi hazipatikani, madawa ya kulevya yapo, mabinti wanaachishwa shule kwa mimba. Vipaji wanavyo. Manzese, Tandale na Temeke wametuonyesha kwa singeli kwamba mtaa wa pembezoni unaweza kutunga muziki wake na nchi nzima ikaufuata. Wasichokuwa nacho watoto wetu ni kile ambacho hata Remmy hakuwa nacho alipoanza, yaani vyombo ambavyo hakuna tajiri wa kuvinyang'anya.

Kwa hiyo tunaomba vinunuliwe magitaa, drams, tumba, kinanda na spika zake, viwe mali ya mtaa. Vitaandikwa kwenye daftari la chama, vitatunzwa na kamati, na hakuna mwanakamati atakayevikodisha kwenye harusi ya shemeji yake. Mtoto yeyote wa Sinza atajifunza bila malipo. Wapigaji wa zamani wa dansi bado wapo kati yetu, wengine wamekaa tu vibarazani. Tutawaomba wafundishe, na tutawapa nauli na chakula, maana heshima bila chai haimfikishi mzee popote.

Tunaomba na jambo la pili, lisilo la fedha. Kama una kaseti za zamani za Super Matimila au za bendi nyingine, za Radio Tanzania au za kibandani, usizitupe. Zilete kwa katibu zihamishiwe kwenye kompyuta, kisha utarudishiwa. Na kama una gitaa bovu lililolala juu ya kabati tangu enzi za Vijana Jazz, hilo nalo lilete. Fundi yupo.

Fomu ya ahadi ipo mwisho wa kijitabu. Mlioko mbali, tumeni kupitia kwa mweka hazina, na kila mchango utatolewa stakabadhi, uwe mkubwa au mdogo. Orodha ya waliochangia itabandikwa ofisini ili kila mtu aisome.